Mchumba wangu kasema “sijui kama Mungu yupo”, baba kasikia “hakuna Mungu”

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwuguzi, nina miaka 28, naishi Moshi. Mchumba wangu ana miaka 31, ni mhandisi wa maji, kwao Iringa. Amebatizwa, amepata komunyo na kipaimara, yaani kwenye karatasi ni Mkatoliki kama mimi. Mshenga alileta barua ya posa mwezi wa tatu, baba akaipokea, tukapewa tarehe ya wazee kuja kuzungumza mahari.

Sasa Jumamosi moja sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Baba ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Mchumba wangu alikuwa amekuja kusalimia, akakaa nasi mpaka mwisho wa somo. Mzee mmoja akasema, “Leo mkwe wetu atufungie kwa sala.” Nikajua atasema Baba Yetu yaishe. Akasimama, akasema, “Wazee wangu, naomba mnisamehe. Siwezi kuongoza sala, kwa sababu kwa kweli sijui kama Mungu yupo, na sitaki kuwadanganya.” Shangazi, chai na maandazi siku ile vilirudi jikoni kama vilivyotoka.

Baba hakusema neno mbele za watu. Usiku akaniita: “Binti yangu haolewi na mkanamungu.” Akampigia mshenga kwamba ile tarehe isogezwe, hakusema mpaka lini. Mama mdogo anasema huyo ni Frimasoni. Kaka yangu, anayejiona amesoma, anasema agnostiki, yaani mtu anayesema hajui kama Mungu yupo, ni mkanamungu mwoga, hakuna tofauti. Mchumba wangu mwenyewe analia kwamba hajamkana mtu, yeye hajui tu.

Nimemwuliza ni nani alimkosea, padri gani, msiba gani. Anasema hakuna. Aliwaza tu, akawaza, akajikuta hapo.

Naomba nikiri jambo. Nilijua tangu mwaka jana, aliniambia mwenyewe. Nikamwambia tukioana atabadilika, akacheka. Na kwa wazazi nikamwomba anyamaze. Barua ya posa bado iko kabatini kwa baba, ameiweka pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Hivi hayo mambo mawili yana tofauti kweli? Na nimwambie nini baba?

Binti wa Mwenyekiti, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili baada ya sala ya alasiri. Naitaja sala kwa makusudi, ujue anayekujibu ni Mwislamu wa Tanga aliyesomeshwa na masista, asiwepo wa kusema Shangazi anatetea watu wake.

Tofauti ipo, na Kiswahili chenyewe kinakuonyesha. Weka sentensi tatu juu ya meza: “Sijui kama Mungu yupo.” “Siamini kwamba Mungu yupo.” “Mungu hayupo.” Ya kwanza inazungumzia kiasi cha ujuzi wangu. Ya pili inazungumzia moyo wangu, mahali nilipoweka au nisipoweka tegemeo langu. Ya tatu haizungumzii mimi kabisa, inazungumzia ulimwengu ulivyo. Mchumba wako alisema ya kwanza. Baba yako akasikia ya tatu, na aliposikia ya tatu akampa jina linaloendana nayo.

Na jina lenyewe ni zito kuliko tunavyodhani. Kukana ni nini? Mshtakiwa hukana shitaka. Petro alimkana Yesu mara tatu, na alimkana mtu anayemfahamu, aliyekula naye usiku uleule. Ndiyo maana jogoo alipowika alilia. Neno letu “mkanamungu” limebeba tuhuma hiyo ndani yake: kwamba unamjua, halafu unamgeuka. Hata yule anayesema kwa kinywa kipana kwamba hakuna Mungu hajioni kuwa anamkana mtu. Yeye anaona hapakuwa na wa kukanwa. Lakini neno limeshazoeleka, tutalitumia. Jua tu kwamba lilipotua kwa mchumba wako lilimchoma kwa kitu ambacho hakukifanya.

Wagiriki walikuwa na lao, atheos, asiye na mungu, nalo tangu mwanzo lilikuwa jiwe la kurushia watu. Mwanafalsafa Sokrates alihukumiwa kifo Athene mwaka 399 kabla ya Kristo, na mojawapo ya mashitaka ni kwamba haitambui miungu ya mji. Hili linalofuata mwambie baba yako, atalipenda: katika dola ya Roma Wakristo wenyewe ndio walioitwa hivyo, kwa kuwa hawakuisujudia miungu ya Warumi. Mtakatifu Polikarpo, askofu wa Smirna, mzee aliyesema amemtumikia Kristo miaka 86, aliamriwa atamke, “Waondolewe wasio na Mungu,” maana yake Wakristo wenzake. Akawatazama wapagani waliojaa uwanjani, akawanyoshea mkono wao, akayasema maneno hayohayo.

Hilo jina la pili, agnostiki, ni la juzi, na mwenye kulitunga tunamjua. Ni Mwingereza Thomas Henry Huxley, mtaalamu wa elimu ya viumbe, mwaka 1869. Alikuwa mwanachama wa klabu moja London ambamo maaskofu, wanafalsafa na wanasayansi walikaa kubishana juu ya mambo makubwa. Baadaye, mwaka 1889, aliandika mwenyewe jinsi ilivyokuwa: kila aliyeketi pale alikuwa na jina la msimamo wake, yeye peke yake hana, akajiona kama yule mbweha aliyeacha mkia mtegoni halafu akarudi kwa wenzake wenye mikia. Basi akajitengenezea mkia. Gnosis kwa Kigiriki ni ujuzi, na zamani za Kanisa walikuwepo Wagnostiki, waliojidai kujua siri nyingi za mbinguni. Akaweka a ya kukanusha mbele: mimi ni yule asiyejua hayo mnayodai kuyajua.

Kwa hiyo kaka yako akisema agnostiki ni mwoga, mwulize kama anamfahamu Huxley. Huyu ndiye aliyesimama Oxford mwaka 1860 kubishana na askofu Wilberforce hadharani kuhusu nadharia ya Darwin, kwamba viumbe vya leo vimetokana na viumbe vya zamani. Neno lake halikuwa maficho. Lilikuwa kanuni: usidai una hakika pale ambapo huna ushahidi, na kanuni hiyo inamkaba anayesema “yupo” na anayesema “hayupo” vilevile.

Ila kaka yako nisimnyime haki yake yote. Mwaka 1947 mwanafalsafa Bertrand Russell aliandika kwamba swali hili linampa shida. Akizungumza na wanafalsafa wenzake hujiita agnostiki, kwa sababu hana hoja ya kumaliza ubishi kwamba Mungu hayupo. Akizungumza na mtu wa mtaani huona afadhali aseme yeye haamini, kwa sababu hata miungu ya Wagiriki, akina Zeus, hawezi kuthibitisha kwamba haipo, na bado hakuna anayekosa usingizi kwa ajili ya Zeus. Mwaka 1995, wakati wa hofu ya popobawa, lile jini la usiku, shemeji zangu wa Pemba walilala nje na moto wakauwasha. Mimi sina ushahidi kwamba popobawa hayupo, lakini nililala ndani. Mungu simlinganishi na popobawa, nisije nikaletewa barua! Nasema tu kwamba mtu anaweza kukosa ujuzi na bado maisha yake yakaegemea upande mmoja.

Hapo ndipo watu wanapochanganya. Wanadhani kuna ngazi moja: juu mwumini, chini mkanamungu, na agnostiki kakaa katikati akining’iniza miguu. Sivyo. Yapo maswali mawili. Unajua? Na unaamini? Mtu anaweza kujibu hapana kote kuwili, kama Russell. Anaweza pia kusema sijui, lakini naamini, na nakuhakikishia hata katika jumuiya ya baba yako wapo wa namna hiyo, wamenyamaza tu. Katika Marko 9:24 yule baba wa kijana mgonjwa alipaza sauti, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu.” Yesu hakumfukuza. Alimponya mtoto.

Sasa sikiliza Kanisa lako linasemaje, maana baba yako hataki kusikia ya Huxley. Nilimpigia sista mmoja tuliyesoma pamoja, akanisomea Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa. Ukanamungu umewekwa namba 2123 hadi 2126. Uagnosti umewekwa peke yake, 2127 na 2128. Kwa hiyo hata Kanisa halikuvitia katika kapu moja. Lakini usiende kwa baba ukishangilia. Kanisa linafundisha kwamba Mungu anaweza kujulikana kwa akili ya mwanadamu, na Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitamka hilo mwaka 1870, mwaka mmoja tu baada ya Huxley kutunga neno lake. Na hiyo 2128 inasema uagnosti mara nyingine una ndani yake kumtafuta Mungu, na mara nyingine ni kutojali, ni kulikimbia swali lenyewe, na mara nyingi mno ni ukanamungu wa vitendo, yaani kuishi kana kwamba Mungu hayupo.

Nimelipenda hilo kuliko yote niliyoyasoma wiki hii. Maana yake ipo “sijui” ya mtu anayetafuta na ipo “sijui” ya mtu aliyelala. Wewe umeshamwuliza mchumba wako ni nani alimkosea, kana kwamba kutojua ni kidonda lazima kiwe na aliyekitia. Waumini tunapenda sana swali hilo, linatupa mtu wa kumlaumu. Hukumwuliza lililo kubwa: hiyo “sijui” yako bado inatembea au imeshakaa chini? Bado unasoma, unauliza, unabishana na nafsi yako usiku? Au ulishafunga daftari, na “sijui” ni namna ya adabu ya kusema “hayupo” bila kuwaudhi wakwe? Mwulize, halafu nyamaza asijibu kwa kukuangalia uso.

Nikupe ndoa moja ya kweli uitazame. Charles Darwin alipotaka kumwoa binamu yake Emma, baba yake, daktari mwenye uzoefu wa nyumba za watu, alimshauri afiche mashaka yake ya dini. Darwin hakuweza. Alimwambia Emma mapema, na mwezi Novemba 1838 Emma alimwandikia akimshukuru kwa kutomficha, lakini akakiri anaogopa pengo litakaloingia kati yao. Walioana Januari 1839. Emma akamwandikia barua nyingine, akasema atakosa raha kabisa akifikiri kwamba hawatakuwa pamoja milele. Darwin aliitunza barua ile maisha yake yote, na chini yake aliandika kwamba mara nyingi ameibusu na kuililia.

Walizaa watoto kumi, wakazika watatu wakiwa wadogo, Annie akiwa na miaka kumi, mwaka 1851. Katika miaka ya baadaye Jumapili Emma na watoto walikwenda kanisani kijijini Downe, mume akaenda kutembea. Aliichangia parokia, na mchungaji wao alikuwa rafiki yake. Mwaka 1879, mtu mmoja alipomwuliza kwa barua, alijibu kwamba hata mashaka yake yalipozidi hakuwahi kuwa mkanamungu kwa maana ya kukataa kwamba Mungu yupo, na kwamba agnostiki lingemfaa zaidi. Alikufa 1882, wakiwa wameishi pamoja miaka 43. Na usidhani pengo liliziba. Hata baada ya mumewe kufa, Emma aliomba baadhi ya maneno ya mumewe kuhusu dini yaondolewe katika kumbukumbu za maisha yake kabla hazijachapwa. Walipendana, na liliwauma, vyote viwili, mpaka mwisho.

Umeona Emma alichokifanya ambacho wewe hukukifanya? Aliogopa mapema, kwa maandishi, kabla ya pete. Wewe uliambiwa ukasema “atabadilika”, kisha ukamfundisha kunyamaza. Mwanangu, kijana hakukudanganya hata siku moja. Anayestahili kuombwa radhi kwanza ni yeye, kwa sababu ulimwacha aingie sebuleni kwa mwenyekiti wa jumuiya ukijua, na ulikuwa unaomba tu asiguswe. Naye ana lake: angeweza kusema “naomba mzee mwingine atuongoze”, likapita, akamtafuta baba yako pembeni siku nyingine. Kumwambia mzee jambo hilo mbele ya watu anaowaongoza ni kumvua nguo. Ukweli wake ulikuwa safi, mahali ndipo palipoharibu.

Na hilo la kubadilika ulitoe kichwani. “Sijui” ni mlango usiofungwa, anaweza kutokea upande wowote. Anaweza siku moja kupiga magoti nawe, anaweza pia siku moja kukuambia sasa naamini hayupo. Ukiolewa naye, uwe umekubali kuishi na huyu wa leo.

Sasa ya kukaa naye mkayaongea, na yasiwe ya falsafa. Jumapili yeye atakuwa wapi, na mtoto akitaka kubaki na baba yake itakuwaje? Watoto watabatizwa? Mtoto wa miaka sita akimwuliza baba bibi ameenda wapi alipokufa, atajibu nini, nawe ukiwa umekaa palepale? Zaka itatoka mfuko gani? Mkiuguliwa, utaweza kumwita padri nyumbani bila ugomvi? Agnostiki wawili wanaweza kukupa majibu tofauti kabisa ya maswali hayo, na mwumini jina anaweza kukupa mabaya kuliko wote wawili.

Kuhusu ndoa yenyewe, msikimbilie kukata tamaa wala msikimbilie bomani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawaruhusu kufunga ndoa ya kiserikali kwa mkuu wa wilaya, mkitoa taarifa siku 21 kabla, na dini si sharti. Lakini wewe ni Mkatoliki wa kushiriki, na ukiishia bomani tu utajizuilia komunyo, jambo ambalo naona litakuuma kuliko unavyofikiri leo. Nendeni wote wawili kwa paroko. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1071, inataka ruhusa ya askofu kwa anayeoa au kuolewa na mtu aliyeikataa imani Katoliki waziwazi, na ruhusa hiyo ina sharti lake: wewe uahidi kufanya kila uwezalo watoto wabatizwe na kulelewa katika imani, naye ajue umeahidi hivyo. Kama mchumba wako ameikataa waziwazi au ana mashaka tu, hilo ataliamua paroko akimsikiliza, na hapo ndipo utaona kwamba tofauti uliyoniuliza si ubishi wa kaka yako sebuleni. Inaweza kubadilisha karatasi zinazojazwa. Mwambie kijana akaseme pale maneno yaleyale aliyoyasema kwenye jumuiya, asipunguze wala asiongeze.

Mama mdogo mwache na Frimasoni yake. Mkianza kumjibu hilo mtakesha.

Baba yako usimwendee na Huxley wala na Polikarpo kwanza. Mwendee na kosa lako. Mwambie, “Baba, nilijua, nikakuficha.” Atakasirika, na atakuwa na haki. Akishatulia mwambie sentensi moja tu: alisema hajui, hakusema hayupo. Usiongeze “kwa hiyo ni sawa”, kwa sababu kwake si sawa, na hana deni la kuona ni sawa. Halafu mwombe amwite kijana waketi wawili, bila jumuiya, bila wewe. Wanaume hawa wawili wana kitu kimoja kinachofanana, hakuna kati yao anayeweza kusali kwa unafiki.

Halafu kuna hilo la kabati. Sijui kwenu uchagani, lakini kwetu mzee akikataa posa huirudisha barua, tena siku ileile, kwa mkono wa mshenga. Yako imekaa miezi, imelazwa pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto wake. Siku utakapokwenda kukiri, ukiona ametulia, mwulize taratibu ameiweka ya nini.

Shangazi